Kalamu ya Karani

Bibi Recheli anamjua karani wa chama cha wakulima wa tumbaku pale Goweko kwa ile kalamu ya simu yake, nyembamba kama njiti. Huichomoa simuni kwa ukucha, huandika jina la mkulima kwenye kioo taratibu, kisha huifuta kwa kola ya shati kabla ya kuirudisha. Haiazimishi. Vijana humtania, "Mkubwa, vidole vyako vimefukuzwa kazi?" Naye hujibu puani, bila kuinua macho, "Vimestaafu."

Jana Recheli alikwenda kujiandikisha kwa msimu mpya, vidole vimeganda gundi nyeusi ya tumbaku. Alipotaka kutia saini kwa kidole, kioo cha simu hakikushika hata mstari mmoja.

"Basi weka dole gumba kwenye karatasi, bibi."

"Dole gumba niliweka miaka yote, mwanangu. Mwaka huu nimejifunza kuandika."

 Karani akachomoa kalamu, akampa kwa mikono miwili. Recheli akaandika jina lake herufi kwa herufi, ulimi nje, hadi mwisho. Kalamu ikarudi inanata. Karani aliinua kola, akasita, akaichomeka simuni hivyo hivyo.