Korki ya Shosho

Mimi ni mtu wa usafi, na mdomo ninao. Kwa hiyo nilipokuta chupa ya mkojo uliochacha chini ya sinki, katika apatimenti ya mama mzee ninayemtunza kule Hopkins, Minnesota, sikuuliza mtu. Nilimwaga chooni, nika-flush, nikasugua chupa huku nikilalamika.

Shosho, yaani bibi, ndivyo ninavyomwita, alisikia maji yakienda akaangua kilio.

"Korki yangu!"

Alizaliwa visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, na huko korki ni ule ukoga mweupe unaoganda juu ya miamba. Unakwanguliwa, unalowekwa kwenye mkojo wiki kadhaa, unakorogwa kila siku, mpaka utoe rangi ya zambarau. Mama yake alitia sufu rangi hivyo. Jicho moja la shosho lilikuwa limekufa, la pili linafifia, na alitaka kuiona rangi ile mara moja tu kabla giza halijaingia.

Woi! Niliona haya mpaka nikakaa chini sakafuni.

Ilibaki konzi moja ya korki kavu ndani ya bahasha. Lakini mkojo wake hakuuamini tena. Alisema vidonge vimeuharibu. Akanitazama. Nikamtazama. Miaka yote hii nabeba mikojo ya watu Minnesota, sijawahi kuombwa wangu!

Nilitoa. Kila asubuhi nilikoroga nimeziba pua, nikimsema kwa Kiswahili, naye akicheka bila kuelewa neno. Ilipoiva tukaipasha moto mdogo pamoja na uzi wa sufu. Nilipoutoa na kuusuuza, aliusogeza usoni mpaka ukagusa kope. Nikasali kimoyomoyo.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Ya mama."

Tukakumbatiana tukilia, nyumba ikinuka kama choo cha soko. Nampenda yule mama, basi.

Uzi tuliutundika dirishani. Kabla theluji haijaanguka, jicho lilizima. Sasa kila asubuhi nikifika nampata anaupapasa, ananiuliza kama rangi bado iko vile vile. Jua limeshaipausha, imebaki kijivu.

"Bado, shosho," namwambia. "Kama ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau."

Mungu atanisamehe. Na asiponisamehe, kesho nitamwambia vivyo hivyo.