Tangi la Chini

Juzi fundi alikuwa akibandika kioo cha dirisha langu, na harufu ya gundi yake, kali kama siki, ikanirudisha utotoni, mtaani Mazwi, kwenye banda la mama.

Mama alikuwa fundi vioo. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa alifuga samaki wadogo wa njano kutoka Ziwa Tanganyika, nao walikuwa wanakufa kwa maji machafu. Alitaka tangi la pili, la kukaa chini ya lile la samaki, lenye vyumba vya kuchujia maji. Mafundi wawili walishamtengenezea, na matangi yao yote mawili yalivuja.

"Mama, hii kazi utaiweza kweli?" mzee aliuliza.

"Tutakuletea Ijumaa," mama alijibu.

Alikata vioo, akavisimamisha. Mkono wake haukupenya katikati ya vioo vya vyumba, akaniita mimi, bintiye.

"Pitisha kidole polepole. Usiache hata tundu la sindano."

Nilipaka gundi kila kona mpaka kidole kikafa ganzi kwa baridi ya asubuhi.

Ijumaa watu walijaa dukani. Maji yalishuka, yakapita chumba baada ya chumba, pampu ikayarudisha juu yakiwa maangavu. Mzee akapiga magoti, akapapasa sakafu yote, akainua kiganja. Kilikuwa kikavu.

"Shikamoo, fundi!" akamwambia mama, ingawa alimzidi umri.

Mama akacheka, akanisukuma mbele. "Aliyeziba ni huyu."

Mzee akaniinamia na kanzu yake. "Shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia kwa sauti, na duka zima likapiga makofi.