Honi Nyuma Yetu

Harufu ya majani chai mabichi ikinipitia barabarani, huwa nasogea pembeni ghafla. Nilikuwa msichana mdogo, nimekaa kwenye keria ya baisikeli ya baba, tukipeleka maziwa mjini Kapkatet asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya chai.

Lori la majani lilikuja nyuma yetu likipiga honi. Baba alisogea mpaka lami ilipoishia, lakini lori likazidi kutukaribia. Alinisukuma kwa mkono mmoja, nikaangukia kwenye chai. Nilipoinuka, alikuwa amelala kwenye changarawe, mguu umepinda vibaya, maziwa yamemwagika pembeni yake.

Dereva alishuka mbio. "Pole, mzee. Sikukuona."

"Na hiyo honi ulikuwa unampigia nani?" baba aliuliza, bila hasira.

Dereva alivua koti lake akamfunika, kisha akatupeleka hospitali.

Mguu ulipona, ila haukunyooka tena. Baba aliuza baisikeli, akawa anapeleka maziwa kwa miguu. Lori likisikika kwa mbali, alikuwa akinivuta, tukasimama ndani ya chai mpaka lipite. Aliushika mkono wangu kwa nguvu, huku akiniuliza habari za shule.