Weris na Diski Tatu za Redio

Weris Nunow alitunza kanda za redio moja ndogo mjini Garissa. Kanda lilikuwa jina la zamani tu; sauti zenyewe zilikaa kwenye diski tatu za kompyuta, kila moja na ukubwa wake. Mtangazaji akitaka wimbo wa kunywesha ngamia, ilibidi zipekuliwe zote. Weris akaanza kujiuliza kama ile kompyuta yao ya Linux ingeweza kuziona diski tatu kama moja.

Alisoma wiki nzima. Za redio hakuzigusa. Alitoa diski tatu kwenye kompyuta mbovu za stoo, akaziunganisha kwa LVM, mfumo wa Linux wa kuunganisha diski, akanakili nyimbo chache. Ikatokea nafasi moja kubwa. Alicheka peke yake.

"Moja ikikufa, hizi ingine itabaki?" akamuuliza Kathure, fundi wa mitambo kutoka Meru.

"Sijui, dada. Chomoa moja tuone."

Alizima kompyuta, akachomoa, akaiwasha. Nafasi yote ikakataa kufunguka, hata nyimbo zilizokuwa kwenye diski mbili zilizobaki. Kathure alishika kichwa. Weris akavuta kiti karibu zaidi.

Akajaribu njia nyingine, programu iitwayo mergerfs: kila diski inabaki na faili zake, ila zote zinaonekana katika folda moja. Akachomoa tena. Safari hii zilikosekana za diski ile tu, nyingine zikaimba.

"Hii ndio nataka," akasema. Akanakili kwanza kila kitu kwenye diski ya akiba, ndipo akaunganisha zile za redio.

Folda ilipojipanga kwa majina, aliona faili mbili zikifuatana: Barwaqo Elwak 1, Barwaqo Elwak 2. Kwa miaka tisa zilikuwa kwenye diski tofauti, na redio ilirusha ya kwanza tu. Alizisikiliza zote. Lilikuwa shairi la kisima, la mwanamke aitwaye Barwaqo wa mji wa Elwak, na hata ya pili ilikatika katikati.

Siku mbili aliulizia namba yake ya simu kwa watu wa Elwak. Hatimaye sauti ya kikongwe ikaitika.

"Ayeeyo," Weris alisema kwa Kisomali, kama mjukuu kwa bibi yake, "shairi lako linaishia wapi?"

"Betri yenu ilikwisha, mkasema mtarudi. Una karatasi?"

"Nina kinasa sauti."

"Basi kaa chini. Ni refu."