Samadi Iliyohamia kwa Jirani

Wifi yangu aliachiwa na baba yake majaruba matatu ya mpunga, na kwa miaka mingi yalimlisha yeye na mama yake mgonjwa. Kisha udongo ukachoka. Mpunga ukawa wa njano, masuke mepesi. Kaka yake mkubwa akamwambia, "Msimu huu ukitoka hivi tena, shamba tunawapa wafyatua matofali."

Wifi hakubishana. Akaanza kuomba samadi kwenye mazizi ya watu, anaibeba kwa kapu kichwani, anaichanganya na mabua ya mpunga, anaifunika ioze. Miezi mitatu hiyo. Nikamtania, "Wifi, siku hizi hata nzi wanakusindikiza."

"Waache wanisindikize. Pua haili wali."

Siku ya kuimwaga shambani alifurahi mno, na furaha ikamponza. Kabla hajaichanganya na udongo, akafungulia maji kama alivyozoea, yaingilie juu yatokee chini, kwenye jaruba la jirani yake, fundi cherehani. Maji yakaondoka na samadi yote.

Baada ya wiki kadhaa mpunga wake ulikuwa njano vilevile. Kaka akaja, akasimama kwenye tuta. "Si nilisema?"

Midomo ya wifi ilikuwa ikicheza, nikajua anamwomba Mungu.

Fundi cherehani alikuwa akipalilia kule chini. Angeweza kuinama akaendelea na yake. Akaita, "Kaka mkubwa, hebu shuka huku kwanza."

Tukashuka. Kuanzia pale maji yanapoingilia, mpunga wake ulikuwa kijani kibichi, umenenepa, kama kiraka kipya kwenye nguo kuukuu.

"Mimi sijaweka hata konzi moja ya mbolea," akasema. "Hili ni jasho la dada yako. Limepita kwake likaja kwangu."

Kaka akachota tope, akalisugua vidoleni. "Haya. Msimu mmoja tu."

Msimu uliofuata wifi aliichanganya samadi kwanza, akaziba njia ya kutokea maji, akasubiri wiki mbili ndipo akapandikiza. Masuke yakaja mazito mpaka mpunga ukainama wenyewe. Kaka akatokea na mundu wake mkononi, hakuitwa na mtu.

Mpaka leo kapu la mwisho la samadi wifi hulimwaga kwa fundi, pale pale maji yanapoingilia.

"Dada, jamani, inatosha!"

"Niache," humjibu. "Hata nisipoileta, njia inaijua."