Mkeka Uliobaki Gerezani

Mara ya pili yule mzee Mumbuti, mtu wa msituni, alipofunguliwa, mlinzi mmoja wa gereza hapa Bunia aliutundika mkeka wake kwenye msumari ili amtunzie. "Tutakuchungia, baba," alimwambia. "Utarudia tu." Wenzake wakacheka. Mimi huwasindikiza mahakamani wafungwa wasio na mtu, na siku hiyo nilichemka kwa hasira. Lakini kabla mvua hazijakatika, mzee alirudi kweli, kwa kosa lilelile: kuiba ndizi katika shamba lilelile kando ya msitu.

Safari hii hakimu alikuwa amemchoka. Mwizi sugu, alisema, atakaa ndani miaka. Mzee alisikiliza bila kupepesa jicho. Mimi ndiye niliyeogopa, maana nimeshaona gereza linavyowamaliza watu wa msituni. Kila mara walimuuliza kama alichukua ndizi, naye alijibu ndiyo, kwa sababu alichukua. Jana yake, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimemuuliza kitu kingine.

"Muheshimiwa," nilisema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "mumuulize alikuwa anaacha nini pale shambani!"

Hakimu akamuuliza.

"Nyama," mzee akajibu. "Mu majani, chini ya mugomba ya mwisho. Mara ingine asali. Baba yangu alikuwa anafanya vile na muzee mwenye shamba. Siye tunaacha yetu, tunakamata ndizi. Hakuna kuitana."

Mwenye shamba huyo alikuwa amefariki, na shamba likanunuliwa na mama mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kivu Kaskazini. Ndiye aliyeshtaki. Aliruka kutoka kwenye benchi mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka.

"Eh Yesu! Ile mafurushi ya majani? Kumbe njo weye ulikuwa unaacha? Miye niliwaza ni bulozi, ni uchawi! Niliita watu wa maombi, tukaomba, tukachoma yote!"

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Mzee peke yake hakucheka. Alimgeukia mama taratibu, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake umeumia.

"Na asali, mama? Mulichoma na asali?"

"Na asali, baba," mama alisema kwa sauti ndogo.

Mzee akajishika kichwa. Hapo hata hakimu alishindwa kujizuia, nami nikawa nalia na kucheka pamoja. Mama aliondoa mashtaka palepale, kidole kikiwa hewani. "Lakini ukileta, kuja muchana, baba! Piga hodi, miye mwenyewe nitakupokea."

"Nitapiga, mama."

Hakimu alimwachia huru, na furaha ilinipeleka gerezani mbiombio, mzee nyuma yangu. Yule mlinzi alituona kutoka mbali.

"Anatoka tena? Basi, mukeka tumuchungie?" Alikuwa ameshautundika kwenye msumari uleule.

"Ushushe," nilimwambia. "Tunauchukua."

Nilijitwika kichwani mwenyewe, nikaupitisha barabara kuu mchana kweupe, nikimsalimia kila mtu.