Siku Nilipomtangaza Mama Redioni

Kazi ya kutangaza michezo niliianzia zizini kwetu, kijijini Ziwa, kabla sijajua kwamba kuna watu hulipwa kwa kupiga kelele. Jioni ng'ombe wakirudi, nilipanda langoni nikawatangaza: yule mweupe anaongoza, yule wa pembe moja anakuja kwa kasi, ndama amepigwa kumbo kwenye kona! Mama, akiwa ameinama na ndoo yake, alicheka mpaka ng'ombe wakashtuka.

"Shuka hapo uniletee mafuta ya kukamulia," aliniambia. Halafu, nikiwa nimeshampa mgongo: "Na yule wa pembe moja amefika wa ngapi?"

Nilipofika shule ya upili, mwalimu wa michezo alinipa maiki siku moja kwa sababu mtangazaji aliyealikwa hakutokea. Sikuirudisha mpaka vikombe vilipokwisha kutolewa. Miaka kadhaa baadaye nikapata kazi katika redio moja hapa Eldoret, kwanza kusoma matokeo, kisha wakaanza kunituma viwanjani. Nilitangaza voliboli na mpira wa miguu, lakini hasa nilitangaza riadha, na riadha katika mji huu si mchezo. Kila msikilizaji ana binamu aliyewahi kukimbia. Ukisema fulani amechoka, simu inalia papo hapo: "Huyo hajachoka, anangoja mlima. Mimi ni mjomba wake."

Jumamosi moja tulienda kutangaza mbio za nyika katika shamba lililokuwa limevunwa mahindi. Mbio za mwisho zilikuwa za akina mama waliopita miaka hamsini. Waandaaji walikuwa wameziweka ili watu wachangamke kabla ya zawadi, na mimi nilidhani nitazitangaza huku nikinywa chai. Asubuhi hiyo Mama alikuwa amenipigia simu kuniambia ana mkutano wa akina mama kanisani, nisimtafute.

Filimbi ilipolia, nilivitambua viatu kwanza. Zilikuwa raba zangu za rangi ya machungwa, nilizoziacha nyumbani Krismasi. Nikapandisha macho: sketi imekunjwa kiunoni juu ya suruali, kitambaa cha kijani kichwani, na chini ya kitambaa, uso wa Mama.

Nilifunika maiki kwa mkono nikamwambia fundi wa mitambo aliyekaa kando yangu, "Yule ni mama yangu."

"Basi sema!" akajibu.

Sikusema. Mtangazaji hana upande, ndivyo nilivyofundishwa. Niliendelea kama kawaida: mwalimu mstaafu mrefu anaongoza, mama mmoja kutoka Turbo anamfuata, na nyuma yao kuna mwenye kitambaa cha kijani, anakimbia kwa... kwa utulivu mkubwa. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda. Walipokata kona ya mwisho, mwenye kitambaa cha kijani akamfikia mama wa Turbo, wakawa bega kwa bega, na mimi nikasahau nilivyofundishwa.

"Mama! Kaza, Mama! Inua magoti! Wasikilizaji, yule ni mama yangu mzazi! Mamaaa!"

Nilijikuta nimesimama juu ya meza, fundi ameshikilia miguu ya meza kwa mikono miwili. Kwa macho yangu, mama wa Turbo alimtangulia Mama kwa unene wa kitambaa.

Mama alikuja moja kwa moja mezani, anahema. "Nimesikia mtu akiniambia niinue magoti. Magoti yangu unayajua wewe?"

"Si ulisema una mkutano wa kanisa?"

Akanyoosha mkono kuonyesha nyuma yake. Akina mama wa kanisani kwetu walikuwa wanafika mmoja mmoja, wamevaa vitambaa vya kijani, wengine wanatembea, wengine wanacheka hata kutembea hawawezi. "Mkutano ndio huu," akasema.

Jumatatu bosi aliniita. Niliingia ofisini kwake nikijua nimefukuzwa. "Mtangazaji hashangilii," akaanza, uso mkavu. Kisha akanieleza kwamba tangu Jumamosi simu hazijanyamaza. Watu wanauliza Mama atakimbia tena lini. "Mwaka ujao mbio za akina mama atazitangaza mwingine."

"Kwa nini, bosi?"

"Ili wewe ushangilie vizuri."

Mbio hizo ndizo zilizonifanya niandike kitabu. Niliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, katika nyumba niliyopanga mtaa wa West Indies, na nikagundua kwamba kuandika kunanipa kitu ambacho redio haikuwahi kunipa. Redioni unakimbizana na anayeongoza. Kwenye karatasi unaweza kumrudia aliyefika mwisho, ukatembea naye polepole, ukamuuliza ameona nini njiani. Sura ya kwanza nikaiandika kuhusu Mama.

Siku ya kukizindua, ukumbi ulijaa. Mama alikaa mbele, na kando yake yule mama wa Turbo, kwa maana tangu siku ya mbio wamekuwa marafiki wa kutembeleana na kuletana mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilisoma sura ya kwanza kwa sauti. Nilipofika mahali pa "Mama alimaliza wa tatu," mkono ukainuka.

"Wa pili," Mama akasema.

"Mama, nilikuwa pale na maiki."

"Ulikuwa juu ya meza unarukaruka. Mtu anayeruka anaona nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama wa Turbo akasimama, akatengeneza leso yake. "Samahani, watu wangu. Wa pili ni mimi."

"Keti, rafiki yangu," Mama akamwambia. "Wewe ulikuwa umefunga macho."

"Na wewe ulikuwa unanivuta sweta!"

Sikuweza kumaliza kusoma. Watu walikuwa wanafuta machozi, mchungaji wetu ameinamia kiti cha mbele, mabega yanatikisika. Chai ilipoletwa, nilikaa na kalamu yangu nikisubiri kusaini vitabu, lakini foleni ilinipita ikaenda kwa wale wawili. Mama alivaa miwani, akafungua sura ya kwanza, akaandika jina lake kwa herufi kubwa na mbele yake maneno mawili: wa pili. Akamsogezea mwenzake kitabu. Naye akaandika jina lake chini, na mbele yake, bila haraka: wa pili.